Mtungo wa Samaki Hai

Nilipoolewa Kigombe nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa nimewahi kumwona samaki aliye hai. Watu hucheka nikisema hivyo, maana nimezaliwa Tanga mjini, Chumbageni, na harufu ya bahari tulikuwa tukiisikia uani kwetu. Lakini baba yangu alikuwa fundi cherehani. Samaki kwetu alifika ndani ya kikapu, ameshakufa, pengine muuzaji ameshampara magamba. Mimi nilimjua samaki wa chunguni. Nilidhani macho ya samaki ni meupe kwa sababu akishaiva ndivyo yanavyokuwa.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya fito inayosukwa kama kikapu kikubwa na kuzamishwa pembeni ya mwamba. Samaki wa dema hutoka mzima, hana jeraha la ndoana wala la mkuki, na hapo ndipo ilipoanzia shida. Siku zile, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Kigombe hakukuwa na barafu. Lori la mfanyabiashara wa mjini lilikuja asubuhi, tena si kila asubuhi, na samaki aliyekufa jana yake mchana hawezi kulingoja. Kwa hiyo mume wangu aliwatunga wazima. Alipitisha kamba ya makumbi chini ya kidevu ikatokea mdomoni, akaingia samaki wa kwanza, wa pili, mpaka kumi au kumi na tano, kisha akaufunga mtungo kwenye kigingi cha mkoko, penye shimo ambalo halikauki hata maji yakipwa. Hapo walikaa wakihema mpaka lori lije. Sokoni Tanga watu waliwagombania, maana walifika macho yakiwa bado yanang'aa.

Hakulianzisha yeye jambo hilo. Baba yake alifanya hivyo, na wavuvi wenzake watatu au wanne walifanya hivyo. Nalisema hili mapema ili asionekane kuwa mtu katili. Alikuwa mpole kuliko wanaume wengi niliowajua baadaye. Kuku akichinjwa nyumbani aliondoka uani.

Wiki ya pili ya ndoa, mama mkwe alinituma nikachukue changu mmoja wa mchana. Maji yalikuwa yamekupwa. Niliingia mpaka magotini, nikaikamata kamba, nikavuta. Kamba ikavuta nayo. Sijui nieleze vipi jinsi nilivyoshtuka. Nilikuwa nimeshika kamba kama ya kisima, nikitegemea uzito tu, na upande wa pili kukawa na mtu asiyetaka kuja. Nikavuta tena, wakajibana wote upande mmoja, na maji yakachafuka. Yalipotulia nikamwona mmoja ambaye kidevu chake kilikuwa kimechanika mpaka karibu na jicho kwa kuvutana na kamba. Alikuwa bado anahema. Mdomo ulifunguka na kufunga, na kile kipande kilichochanika kilikuwa kikipepea.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu nikapika kisamvu.

Mume wangu aliporudi akacheka hadi akakaa chini. "Umeogopa samaki?"

"Sikuwaogopa. Niliwaonea huruma. Mmoja amechanika mdomo."

"Atakuwa aligombana na kamba. Wapo wa namna hiyo."

"Na haimuumi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kama jiwe linaona kiu. "Samaki, mke wangu? Samaki haumwi."

"Umejuaje?"

"Angeumwa angelia."

Basi nikaliacha hapo. Nilikuwa mgeni katika nyumba ile na sikutaka kuitwa mwanamke wa mjini. Lakini siku chache baadaye akaleta hongwe, samaki mwenye ndevu na miba mibaya ya ubavuni. Hongwe akitolewa majini hutoa sauti. Si kubwa, ni kama mlango unaofunguliwa polepole, kro, kro, kro. Alikuwa amelazwa mchangani mbele ya mlango na mume wangu akitafuta rungu la kumvunjia miba.

"Huyu je?" nikasema. "Si analia huyu?"

"Huo ni upepo wa tumboni."

"Angeumwa angelia, ulisema wewe. Huyu analia, ni upepo. Asiyelia haumwi, anayelia ana upepo. Sasa samaki afanye nini ili umsadiki?"

 Alivunja ule mwiba, hongwe akatoa sauti nyingine ndefu zaidi, na mume wangu akasema leo jua kali. Angenijibu vibaya ningejua la kufanya. Kilichoniudhi ni kwamba hakuliona swali kuwa swali.

Nikampelekea mama mkwe swali hilo. Alikuwa Mtang'ata halisi, mwenyeji wa pwani ile, mkali, msafi, aliyejua kila jani linalofaa na lisilofaa. Nilimkuta akikuna nazi.

"Mama, hivi samaki anasikia uchungu?"

"Samaki ni mboga," akasema.

"Najua ni mboga, mama, lakini akiwa bado majini..."

"Akiwa majini ni mboga iliyo majini." Akageuza kifuu. "Mkaza mwanangu, ukianza kuiuliza mboga hali yake, utakula wali na chumvi."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi kwa sababu kwa upande fulani alikuwa amesema kweli. Mbuzi tunamwita mbuzi mpaka achinjwe, ndipo anakuwa nyama. Samaki tunamwita kitoweo angali anaogelea. Tumemtia chunguni kwa ulimi kabla ya kumtia kwa mkono. Na mimi mwenyewe nilikuwa nikila. Hilo niliambiwa mara nyingi kama watu wamenikamata na wizi: mbona unakula? Nilikula, na nakula mpaka leo, nampenda pono wa kupaka nazi kuliko kitu chochote. Sikusema samaki asiliwe. Nilisema apigwe kichwani mara moja afe, asitundikwe mdomo kwa siku mbili. Nilishindwa kuelewa ugumu wa kutenganisha mambo hayo mawili uko wapi.

Nilikuwa nimeanza kazi ya kukaanga samaki na kuwauzia manamba kwenye kambi ya shamba la mkonge. Nilipita karibu na chuo cha Kurani, na mwalimu wa hapo alikuwa mzee wa watu, mwenye subira, wanawake walimwendea kwa mengi. Nikasimama pembeni ya kibaraza, nikampa shikamoo, nikangoja watoto watoke.

"Mwalimu, nina swali kuhusu samaki."

"Samaki ni halali, mwanangu. Amehalalishwa bila kisu."

"Sijauliza kama ni halali, mwalimu. Nimeuliza kama anaumia."

Akatabasamu. "Na ukijua utafanya nini?"

"Nitamwambia mume wangu awaue kabla ya kuwafunga kamba."

"Wakifa wataoza."

"Ndiyo."

"Basi mume wako ana haja. Kumtesa kiumbe bila haja si katika dini yetu, hilo nakwambia wazi. Lakini mwenye haja ni mwenye haja."

"Haja ya lori nayo ni haja mbele ya Mungu, mwalimu?"

Nilikuwa nimekwenda mbali na niliona usoni mwake. Hakukasirika. Alisema, kwa upole ule unaofunga mlango, "Msalimie mume wako." Nikajitwisha sinia langu nikaondoka. Niliona heri angenikemea.

Wa mwisho kumwuliza alikuwa dresa, msaidizi wa tiba, wa zahanati ya shamba. Alikuwa Mshambaa, Mlutheri, kijana mwenye miwani, aliyechukia bahari na kutembea ufukweni kana kwamba mchanga utamvunja miguu. Alinunua samaki wangu kila Jumamosi. Nikafikiri huyu amesoma miili, atajua.

"Maumivu yanataka mishipa ya fahamu, na ubongo wa kupokea habari," akaniambia.

"Ubongo samaki anao. Mimi napasua vichwa vyao kila siku. Ni mdogo, mweupe, kama punje mbili tatu za wali."

"Basi sijui. Hatukufundishwa samaki." Akafikiri kidogo. "Nadhani hawasikii. Hata mtoto mchanga, tulifundishwa, hasikii sana. Ndiyo maana tunamtahiri bila dawa."

"Nani kasema hasikii?"

"Wakubwa."

"Wewe umewahi kumtahiri?"

"Wengi."

"Na hukumsikia?"

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe. "Nimewasikia," akasema. Kisha akaniuliza kama nina ndimu ya kuweka kwenye samaki wake. Nilimpa. Kati ya wote niliowauliza ni yeye peke yake aliyekiri kuwa hajui, na mimi kwa hasira zangu za ujana nikaona amenisaliti zaidi ya wengine.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda karibu mwaka. Sikuacha kusema, na mume wangu hakuacha kutunga. Nikawa mke mwenye jambo moja. Wanawake wenzangu kisimani wakiniona wananiuliza, "Vipi, samaki wamelalaje?" nao wanacheka. Nilijitahidi kucheka nao. Ukicheka unakuwa umekubali, na usipocheka wewe ni mwenye kiburi.

Kisha ikaja wiki ambayo lori liliharibika. Siku ya kwanza halikuja, ya pili halikuja. Mume wangu alikuwa amepata chewa wakubwa, na changu, na kangu wenye rangi nzuri, mitungo miwili kamili. Siku ya tatu asubuhi nilikwenda shimoni kuchota maji ya chumvi ya kuoshea samaki wangu. Nikaona maji yana wingu la damu nyepesi upande wa mtungo wa nje. Nikasogea. Kaa walikuwa wamempata chewa mmoja mkubwa. Mkia ulikuwa umeliwa mpaka mfupa, na kaa wawili walikuwa wakiendelea juu, wakikata vipande vidogo na kupeleka mdomoni. Na chewa alikuwa hai. Alikuwa ameelekea upande wangu, mashavu yakifunguka na kufunga taratibu kabisa, bila hata kutikisika. Hakuwa na pa kwenda.

Kiunoni nilikuwa na kisu changu cha kuparia. Nikamchoma yule chewa kichwani mara mbili mpaka akalegea. Kisha nikaikata kamba ya kwanza na ya pili.

Ningependa kusema waliogelea wakaenda zao. Wachache walikwenda. Wengi walizunguka palepale wakiwa na kamba midomoni, maana nilikata fundo la kigingi tu na kamba ilikuwa bado imewapitia. Wengine walilala ubavu wakaelea, na ndege wakaanza kushuka. Nilikuwa nimefanya jambo la hasira na sikuwa nimelifikiria hata nusu. Nilisimama majini nikijaribu kuwachomoa mmoja mmoja, nao wananiponyoka, na mikono yangu inatoka damu kwa miba. Hapo ndipo mume wangu aliponikuta.

Hajawahi kunipiga na siku ile pia hakunipiga. Lakini alipiga kelele hadi watu wakatoka majumbani. Kazi ya siku tatu, alisema. Madema ameyavuta peke yake na mgongo unamuuma. Mwanamke gani huyu? Anataka tule nini?

"Mgongo unakuuma," nikasema. "Nimekuamini bila kuuona huo uchungu wako. Njoo umwone huyu, ameliwa mkia mzima!"

"Ni samaki!"

"Naomba Mungu akuonjeshe na wewe," nikasema. "Hata saa moja tu. Ujue."

Nililisema mbele ya watu kumi au zaidi. Mama mkwe alikuwa mmojawapo.

Siku mbili hatukusemeshana. Lori likapona, mume wangu akavua tena, na safari hii akatafuta mahali pengine pa kufungia mtungo, mbali zaidi, penye mchanga, ambapo maji yanafika kifuani na mimi nisiyejua kuogelea nisingeweza kufika. Alikwenda kukichimbia kigingi chake kipya asubuhi jua limeshapanda. Ndipo alipomkanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani.

Walimleta wanaume wawili wakiwa wamemshika makwapani. Mwiba ulikuwa umeingia juu ya kisigino ukatoka, na damu haikuwa nyingi. Walimlaza kwenye mkeka barazani. Nilikuwa nimemjua mume wangu kwa mwaka mzima na sikuwa nimewahi kuuona uso ule. Ulikuwa na rangi ya majivu. Jasho lilimtoka mpaka likalowesha mkeka. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja vyote. Na mdomo wake ulifunguka ukafunga, ukafunguka ukafunga, bila sauti.

"Mwanamume kweli," jirani mmoja akasema kwa sifa. "Tazama, wala halii."

"Haimuumi sana," akasema mwingine. "Wengine hupiga kelele mpaka Tongoni wanasikia."

Niligeuka nikamwambia, "Huoni? Wewe huoni?" Kwa sauti niliyoitoa wakadhani nimepagawa. Mama mkwe alikuwa ameshabandika maji. Alikuwa anajua la kufanya: maji ya moto kiasi cha kuvumilika, mguu ndani, yakipoa yanaongezwa mengine. Nilichukua kata nikawa namwagia, na yeye akamshika mguu mwanawe, na kwa muda ule hatukuwa wakwe, tulikuwa watu wawili wenye kazi moja. Dresa alikuja kwa baiskeli karibu na adhuhuri. Alichoma sindano, akasema maji yale ya moto yamefanya zaidi ya atakayofanya yeye. Alasiri mume wangu akatoa sauti ya kwanza. Aliomba maji ya kunywa.

Nilipotoka uani kumwaga maji, mama mkwe alinifuata.

"Ulimwombea," akasema. "Yamempata."

"Mama, nilisema kwa hasira."

"Ulisema. Saa moja, ulisema. Amekaa saa ngapi?"

 Nilitaka kumwambia kwamba taa hasikilizi dua za watu, kwamba ni bahari, kwamba wanakanyagwa kila mwaka. Lakini nilijua pia kwamba mume wangu alikwenda kwenye ule mchanga kwa sababu yangu. Kama nisingeikata kamba, angekuwa kwenye shimo lake la siku zote ambalo analijua kila jiwe. Hilo silisahau mpaka leo. Mwaka mzima nilitaka watu waone uchungu wa kiumbe asiyeweza kusema, na sasa nimesababisha uchungu huohuo kwa mtu wangu, tena sina hata haki ya kusema sikukusudia, maana nilikusudia mbele ya mashahidi.

Baada ya siku nne kidonda kilianza kuoza. Watu walipita kumjulia hali na kunyamaza nikitokea. Mtu mmoja akamwondoa mtoto wake nilipotaka kumshika. Mama mkwe akaniambia, si kwa ubaya, niende nikapumzike kwetu mpaka mguu upone. Mume wangu alikuwa na homa. Nilipomuaga aligeuza uso ukutani, na sijui kama alinisikia.

Nilipanda lori lilelile la samaki, nikakaa nyuma juu ya mifuko, vikapu vikiwa vimenizunguka. Kutoka Kigombe mpaka tunaingia mjini, kikapu kilichoegemea paja langu kilikuwa kikigongagonga kwa ndani, kidogokidogo, kisha kikapumzika, kisha kikagonga tena. Sikukifungua. Nilikuwa nimechoka na samaki na nimechoka na nafsi yangu.

Baba alisimamisha cherehani yake aliponiona na mzigo. Nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, umerudishwa kwa ajili ya samaki?"

"Sijarudishwa. Nimekuja kupumzika."

"Kwa ajili ya samaki," akarudia, akaendelea kushona. Mama alinikumbatia, akalia kidogo, kisha akacheka, kisha akaniuliza kama nitakula, na chakula chenyewe kilikuwa wali na kolekole. Nilikula. Miezi miwili niliyokaa pale hakuna aliyeniuliza tena, na kila mgeni aliyefika aliambiwa hadithi ile kwa ufupi ili aichekee. Nilikuwa natia vifungo kwenye nguo za wateja wa baba na kujichoma sindano kwa hasira.

Ijumaa moja baada ya sala, mume wangu akatokea. Alikuwa anachechemea kwa fimbo. Baba akamkaribisha, wakasalimiana sana, na hatimaye tukaachwa wawili uani.

"Mguu?" nikauliza.

"Umebaki na shimo. Nitatembea."

"Nisamehe kwa lile nililolisema."

"Nimeshasamehe. Mama bado." Alikaa akichora chini kwa fimbo. "Nataka nikwambie ilivyokuwa. Sijamwambia mtu. Wote wananisifu kwamba sikulia. Sikuweza kulia. Nilitaka kumwita mama. Nilikuwa naita. Ndani nilikuwa napiga kelele, nasikia kabisa kelele zangu, na mdomo unafunguka na hakitoki kitu. Halafu namsikia yule jirani anasema haimuumi sana. Nilitaka kumshika koo."

 Nilifikiri, sasa. Sasa atasema mwenyewe, sina haja hata ya kumsaidia. Nilingoja. Kuku walipita. Alichora mstari mwingine.

"Basi," akasema. "Twende nyumbani."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nini?"

"Unafunguka unafunga na hakitoki kitu," nikasema polepole. "Hujawahi kuona mdomo wa namna hiyo mahali pengine?"

Akaelewa. Niliona kwenye macho kwamba ameelewa palepale, na palepale akalikataa jambo hilo. Akasimama kwa fimbo yake. "Mimi ni mtu," akasema. "Usinifanye samaki. Nimetoka Kigombe na mguu huu kuja kukuchukua, na wewe bado unanihesabia samaki."

"Sikufanyi samaki."

"Basi lisitajwe tena. Ukikubali, twende. Usipokubali, nitamwambia baba yako tumeshindwana."

Niliomba siku moja ya kufikiri, akanipa. Nilikubali kwa sharti langu moja: samaki wanaoingia mikononi mwangu kwa kukaangwa, mimi nitawaua mwenyewe kwa njia yangu na hatanicheka. Akasema hayo ni ya jikoni, nifanye nitakavyo. Tukarudi. Mama mkwe alichukua karibu mwaka kuniita mkaza mwanangu tena.

Nilijifunza kuua samaki. Nilitumia msumari mrefu, nyuma ya jicho, ukielekea ndani, mara moja. Akipatikana vizuri anatetemeka mwili mzima kisha analegea, rangi inamtoka. Sijui kama nilimpunguzia kitu. Naye mume wangu, bila kusema neno, akaanza kubeba rungu fupi ndani ya ngalawa. Samaki aliyechanika, au aliye mdogo mno kwa lori, alimpiga palepale. Siku moja nikathubutu kumwuliza kwa nini.

"Wanarukaruka," akasema. "Wananilowesha."

Wale wa lori aliendelea kuwatunga. Mitungo mizima, kila wiki, kwenye lile shimo la zamani, na mimi nikipita pale niliangalia upande wa pili. Nasema kweli: niliangalia upande wa pili kwa miaka minne. Nilikuwa na watoto wawili kufikia hapo, na mtu hawezi kugombana kila siku.

Kamba zilikwisha kwa sababu ya barafu. Mwishoni mwa miaka ile mfanyabiashara wa lori alianza kuja na masanduku makubwa ya mbao yaliyojazwa barafu na pumba za mbao, na akasema hataki tena samaki waliotungwa, midomo imechanika, wateja wa mjini wanalalamika. Asubuhi moja kigingi kikang'olewa kikawa kuni. Mwaka mzima wa maneno yangu, kamba nilizokata, mguu wa mume wangu, havikufanya kilichofanywa na wateja wasiopenda kuona mdomo uliochanika.

Nilikwenda kulitazama lori siku ile ya kwanza. Wavuvi walikuwa wakimimina samaki wa dema moja kwa moja kwenye sanduku, wazima, juu ya barafu. Walikuwa wakijirusha, wanagonga mbao, wanageuka, na kibarua wa lori akiwafunika kwa koleo la barafu nyingine. Chini ya barafu bado uliona mapezi yakisukuma.

"Si muwapige kwanza?" nikamwambia mwenye lori. "Barafu si mnayo? Hawataoza."

"Mama, wakipigwa wanavilia damu kichwani. Hawapendezi."

"Nina msumari. Alama yake haionekani. Nitakuonyesha."

Alitazama saa yake, akatazama foleni ya wavuvi, na kati yao alisimama mume wangu na pakacha lake, akinikazia macho nisiendelee.

"Wote hawa?" mwenye lori akauliza. "Mmoja mmoja?"

"Mmoja mmoja."

Akacheka, akamwambia yule wa koleo afunge sanduku. Nilibaki nimesimama pale na msumari mkononi mpaka lori likaondoka, kisha nikarudi nyumbani, maana nilikuwa na beseni la samaki wangu wa kukaanga na jua lilikuwa limeanza kuwa kali.